Kiwanja cha Riat na Maji ya Moto ya Achola

Shangazi Nasipwondi,

Nakuomba unisome hadi mwisho hata kama utanicheka, maana hapa Kisumu kila ninayemwambia kwamba nataka kununua mashine ya kupasha maji ananiuliza kama jua la Kondele halinitoshi. Naitwa Walter, nauza sare za shule pale soko la Kibuye, na mke wangu Achola, ambaye tulikuwa tukiuza naye bega kwa bega, alipatwa na kiharusi mwaka jana akiwa anakunja sweta, na tangu hapo mkono wake wa kulia umejikunja kifuani kama ndege aliyelala, na maneno yanamtoka moja moja.

Sasa Shangazi, kuna asubuhi moja ambayo haijaniacha. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nyumba yetu ya Migosi ilikuwa kimya, nami nilikuwa nimechemsha sufuria baada ya sufuria nikajaza karai kubwa la kufulia, nikamkalisha humo, mvuke ukapanda ukajaza bafu hadi sikuona tena ukuta, nikaona uso wake tu, kana kwamba tuko ndani ya wingu sisi wawili, na ndani ya maji yale vidole vyake vikaanza kufunguka, kimoja, halafu kingine, polepole sana, akavitazama, akanitazama, akasema, "Maber," yaani vizuri, na akacheka kile kicheko chake cha sokoni ambacho nilidhani kimekwisha. Kisha maji yakapoa na mkono ukajifunga tena.

Tangu siku hiyo naishi kama mtu aliye usingizini. Nampima mtoto wa watu kaptula huku naona mvuke. Nabeba sufuria kila asubuhi lakini maji hayatoshi, kabla ya sufuria ya mwisho kuchemka yale ya kwanza yamepoa, na ile shawa ya umeme inatoa uzi mwembamba tu wa maji huku tokeni za umeme zikiisha, na paa letu ni kuukuu, haliwezi kubeba tangi la sola. Ndipo nikamwendea Bwana Harbans, anayefunga mitambo ya maji mahotelini, akaniambia iko mashine inayovuta joto kutoka hewani na kulitia ndani ya maji, "ni friji iliyogeuzwa, Walter, na kwa hewa hii yetu ya Kisumu haitapata shida, umeme inakula kidogo tu," nikamwambia basi ni hiyo hiyo, ila aliponitajia bei pamoja na tangi, mabomba na beseni la kulala ndani, ilikaribia laki tano, nikakaa chini kwenye ngazi ya duka lake.

Pesa hizo sina. Nilicho nacho ni kiwanja kule juu Riat, na kiwanja hicho ni Achola aliyekichagua. Jumapili tulikuwa tukipanda huko baada ya kanisa, tunakaa kwenye nyasi, ziwa liko chini limetulia, magugu maji yanasafiri juu yake kama visiwa visivyo na haraka, na yeye ananionyesha, hapa jiko, hapa dirisha, hapa ndipo nitakaa nikizeeka. Mnunuzi yuko tayari, lakini hati ina majina yetu sisi wawili na lazima Achola aweke kidole. Ndugu yangu Calvince ananiambia, "Mwambie ni karatasi za hospitali. Akishaingia kwenye maji moto atakushukuru." Binti yetu Aloo analia, anasema nikiuza kiwanja cha mama yake ni kama nimemzika akiwa hai. Mimi naogopa kumwuliza, kwa sababu akikataa nitautazama mkono ule uliofungwa maisha yetu yote, na akikubali nitakuwa nimemnyang'anya dirisha lake. Nifanye nini?

Walter, Migosi

*

Walter,

Sikukucheka. Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimeacha chai ipoe.

Lakini sasa nisikilize. Mke wako alipatwa na kiharusi, hakufa. Unampenda hadi unaona mvuke mchana, halafu unakaa na Calvince mkijadili kidole chake kana kwamba hakina mwenyewe! Ukimdanganya aweke alama kwenye karatasi asiyoijua, huo ni wizi, hata ukimwogesha kwa maziwa. Mwambie ndugu yako asilitaje tena jambo hilo nyumbani kwako.

Mashine yenyewe siyo upuuzi. Ila mfuate fundi mwingine pia akupe bei yake, na umwulize Bwana Harbans kama beseni dogo na tangi dogo havitatosha watu wawili, na kama atakubali kulipwa kidogo kidogo. Kabla ya yote, mrudishe kwa daktari wa mazoezi ya viungo. Maji moto yanalegeza misuli, hayaponyi kiharusi, na mazoezi msiyaache. Na maji hayo uyajaribu kwa kiwiko chako mwenyewe, kwa maana mkono uliopooza unaweza kuungua bila kusikia.

Nilitaka kukwambia haya kwa sauti, kwa hiyo nilipiga nambari ya nyumbani uliyoandika nyuma ya bahasha. Simu ikapokelewa na mwanamke anayezungumza taratibu. Nikamwambia namtafuta Walter, bila kutaja barua, na kwamba nitapiga baadaye. Nilikuwa nakaribia kukata aliposema:

"Ameenda... Riat. Na mnunuzi. Anadhani... mimi... sijui."

Halikuwa jambo langu la kusema. Nikasikia ndege wa uani kwenu na mtu anayefagia mbali. Kisha akasema neno moja moja, na kila moja alilisukuma hadi likatoka lote:

"Mwambie... Baba Aloo... aniulize."

Basi, Baba Aloo, nimekwambia. Funga duka mapema leo, nenda nyumbani, vuta kiti ukae mbele yake, umwambie kila kitu, bei na mnunuzi na hofu yako. Halafu unyamaze, umwache amalize.