Kiti kilichomkimbia Mama

Kiranja wetu huko shuleni, weka kitabu chini. Nyumbani kuna msiba wa kiti cha gari.

Kiti cha dereva ni cha umeme na kinakumbuka mkao wa kila mtu. Kitufe cha kwanza ni cha Baba, yule twiga. Cha pili ni cha Mama, na kimo chake unakijua.

Tangu Jumatatu, Mama akifungua mlango tu, kiti kinarudi nyuma kama kimeona jini. Miguu haifiki breki! Anabonyeza kitufe chake, kinamjia. Akishuka na kurudi, kimekimbia tena.

Baba, ambaye wiki hii anachukuliwa na gari la ofisi, akatoa hukumu: "Mama watoto, unabonyeza vibaya."

Vibaya! Kitufe kimoja!

Leo kaja fundi umeme. Kabadilisha fyuzi, kapima mota, kachomeka kompyuta. Kiti kizima. Mama kasimama na sare yake ya unesi, zamu inamsubiri, na Baba anamwambia, "Gari liache kwanza, utaua mtu."

Fundi akauliza, "Kiti kinafuata ufunguo uliofungua mlango, na kila ufunguo una mwenyewe. Nani amezigusa funguo?"

Kiranja, Jumapili Baba alibadilisha betri za funguo zote mbili, akajisifu mezani, kumbe alirudisha kila mmoja kwenye kishikio cha mwenzake, Mama akabaki na ufunguo wa Baba!

Mama akamchomolea Baba ufunguo mfukoni, akafungua mlango. Kiti kikaja mbele kwa adabu zote.

Akashusha kioo: "Baba watoto, chakula utapasha mwenyewe. Jiko lina kitufe kimoja, usibonyeze vibaya."

Mpaka sasa Baba amesimama mbele ya jiko.