Mama Alisema Ndiyo kwa Hofu

Jumanne, tarehe 10 Desemba

Mpendwa Shangazi mshauri,

Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote, hata sehemu ninazoona haya kuziandika.

Nina miaka kumi na mitano. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa kabla ya wakati wake na bado yuko wodi ya watoto wachanga pamoja na mama. Ni mdogo kiasi kwamba kofia ya mwanasesere wangu wa zamani inampwaya. Shule zimefungwa, kwa hiyo kila asubuhi nawapelekea chai na nguo safi. Daktari wake ni bingwa wa watoto wachanga, na pia anawafundisha wanafunzi wa udaktari maadili ya kazi. Kina mama wanamwita Daktari Nyayo, kwa sababu kabla hajasoma chochote humgusa mtoto nyayo aone kama ana baridi. Nampenda sana, Shangazi, nami nikikua nataka kazi yake.

Aliagiza mama amfunge mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, kwa kuwa hawezi kujipasha joto mwenyewe. Wiki iliyopita alikuja na wanafunzi sita, wavulana wanne, akamwuliza mama kwa adabu kabisa kama angeruhusu wajifunze kwa mtoto wake, ila alipouliza wanafunzi walikuwa wameshajipanga nyuma yake na kalamu mkononi, mama akatabasamu akasema, "Karibuni tu, daktari," na tangu siku hiyo wanakuja kila asubuhi, na mama akisikia viatu vyao kwenye korido anamfungua mtoto haraka, anamlaza kitandani, anafunga vifungo vya gauni, wala hamrudishi kifuani hadi waondoke, na wakati mwingine wanakawia sana kwa mtoto wa kitanda cha jirani.

Nilimwambia, "Mama, si umwambie tu hutaki?"

Akanijibu, "Daktari mzima ananiomba mbele za watu, nimwambie hapana? Mwanangu akikatika pumzi kesho, nani atamkimbilia? Na wewe funga mdomo wako, niahidi."

Mama wa kitanda cha pili akadakia, "Dada, hao wanamtazama mtoto. Na nywele zako hizo za leo, nani akutazame wewe?" Wodi nzima ikacheka. Mama hakucheka.

Jana daktari alimgusa mtoto nyayo, akaacha kufundisha. Uzito haupandi na kila asubuhi joto linashuka, naye hajui kwa nini. Akahofia maambukizi, akaagiza mtoto atolewe damu. Walimchoma mkononi wakakosa mshipa, wakamchoma mguuni. Mama alitazama ukutani. Baadaye, kwenye korido, nilimsikia daktari akiwaambia wanafunzi, "Mzazi akikataa, mtoto anatibiwa vilevile. Huyu mama ameridhia mwenyewe, ndiyo maana tunaingia." Nilikuwa nimesimama pale pale na chupa ya chai, sikusema kitu.

Keshokutwa watamtoa damu tena. Barua hii nimeileta mwenyewe mlangoni pa gazeti lenu, na namba ya simu iko nyuma ya bahasha. Tafadhali nijibu haraka: nikimwambia daktari, nitakuwa nimemsaliti mama yangu?

Wako,
Dada Mtu


Binti yangu,

Nakujibu kwa simu leo hii, gazeti litasubiri, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hangojei Jumamosi.

Hutakuwa umemsaliti. Uliahidi kumfichia mama yako aibu, hukuahidi kumwacha mdogo wako apate baridi na kuchomwa sindano asizozihitaji.

Lakini usipite mlango wa nyuma. Mama yako ameshatazamwa na watu sita bila kupenda, usiwe wa saba. Anza na yeye, leo, kabla hujammiminia chai. Mpe maneno uliyoyasikia kwenye korido kama yalivyo, kwamba mzazi akikataa mtoto anatibiwa vilevile. Wanafunzi waliambiwa, yeye hakuambiwa! Kisha mwambie, "Kesho daktari atajua kwa nini joto linashuka. Napenda aambiwe na wewe." Akikufokea, vumilia. Utapona.

Kesho, kabla wanafunzi hawajafika, mwombeni muuguzi wa zamu amwite daktari aje peke yake. Mama akishindwa, sema wewe, na useme yote mawili: kwamba mtoto anafunguliwa, na kwamba ile 'ndiyo' ya mama ilikuwa ya hofu. Ukisema la kwanza peke yake, mama yako ataonekana mzembe, naye si mzembe.

Huyo daktari unayempenda alikosea. Ruhusa huombwa mtu akiwa na nafasi ya kukataa, na mbele ya kalamu sita nafasi hiyo haikuwepo. Kama kweli anafundisha maadili, atakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Akinuna, nipigie. Pazia moja linatosha, au wanafunzi wasubiri nje.

Na wewe unayeitaka kazi yake ulisimama na chupa ya chai ukanyamaza. Ya jana nakusamehe kwa umri wako. Ya kesho sikusamehe.

Barua yako siichapi mpaka mama yako aisome. Akisema hapana, itabaki mezani kwangu, na mtoto atanenepa vizuri tu bila gazeti letu.