Fimbo Begani

Kinole,
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Regina,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo yako naituma kwa mikono miwili. Hujambo huko Shinyanga? Shemeji hajambo, na watoto? Kile kifua bado kinakusumbua, au jua la huko limekikausha? Sisi hapa tu wazima. Mvua inatunyeshea kila jioni, na shokishoki mwaka huu zimezaa mpaka watoto wamezichoka.

Najua umekasirika. Ujumbe wako nimeusoma wote, hata pale uliposema heri kula mihogo mikavu kuliko kula pesa ya walemavu kwa uongo. Dada, una ulimi wewe! Lakini sikulaumu. Uliletewa ile video kama walivyoletewa wengine, na aliyeitazama angeapa kwamba mume wangu ni mwongo.

Tangu Petro aanguke kutoka kwenye mkarafuu, hujawahi kumwona. Mfupa wa paja uliunga vibaya, mguu wa kulia ukabaki mfupi. Ndipo alipojiunga na wenzake wanne wenye ulemavu, wakaomba ule mkopo wa halmashauri usio na riba, wakanunua mashine ya kusaga mdalasini. Mambo yakaanza kunyooka. Halafu Idrisa, mnunuzi wa viungo kutoka Mkuyuni, akamrekodi asubuhi moja akienda shambani: anatembea wima, haraka, anaimba, na fimbo kaitupia begani kama jembe. Ikasambaa mpaka ikakufikia wewe.

Maneno yakawa mengi. Petro akichechemea kwenye uwanja wa ofisi ya kata, watu wanacheka, wanasema sinema imeanza. Kikundi kikaambiwa kisiwashe mashine mpaka uhakiki ufanyike. Petro akionekana amedanganya, mashine inachukuliwa na yeye anakwenda kujibu polisi. Mama Sabra, mwenzao wa kikundi asiyeona, analea wajukuu kwa mashine ile. Alikuja kwetu akauliza tu mashine itawashwa lini, akaondoka, na hilo liliniuma kuliko matusi ya wote. Nilimsihi Petro ajieleze. Unamjua alivyo na kichwa kigumu. Alisema mguu hauelezwi kwa mdomo, waje waone.

Wakaja kweli. Afisa maendeleo ya jamii, Bi Shadia, ni binti wa mjini, kavaa raba zenye soli nene hasa, na Idrisa yuko nyuma yake simu mkononi. Petro akawaomba wafuatane naye shambani. Mama yangu! Akatembea vilevile kama kwenye video, fimbo begani, hayumbi hata kidogo. Idrisa akawa anatabasamu. Nami niliyefuata nyuma yao nilikuwa nasali tu, maana nilijua kinachokuja, ila sikujua kama watakuwa na subira ya kukingoja.

Tulipofika shambani, Petro akageuka, akashusha fimbo, akawaomba warudi kwa njia ileile.

Unaikumbuka njia ya kwa babu, ilivyolalia bondeni? Wakati wa kwenda mlima uko kulia, kwa hiyo mguu mfupi unakanyaga juu, mrefu unakanyaga chini, na mtu anakuwa sawa kabisa. Wakati wa kurudi mlima uko kushoto. Mguu mfupi ndio unaotafuta ardhi ya chini, wala hauifikii. Alirudi akiyumba, fimbo inazama kwenye matope, mara anashika majani, mara anakaa kitako kupumzika. Kila siku hurudi hivyo, dada, na hakuna anayemwona. Wanunuzi huja asubuhi, na jioni kila mtu yuko jikoni kwake.

Bi Shadia akavua raba ya kulia. Akaenda hatua kadhaa na raba moja, akageuka, akarudi, akaangukia tangawizi za watu, akacheka mpaka machozi. Kisha akamuuliza Idrisa kama safari ya kurudi nayo ameirekodi. Idrisa alikuwa ameshaitia simu mfukoni. Aliomba radhi palepale, na sasa yeye ndiye mtangazaji wa mguu wa Petro huko Mkuyuni, tena anatia chumvi. Mashine inasaga. Usiku ule nililala kama mtu aliyetuliwa mkungu wa ndizi kichwani.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu. Umenipigia mara nyingi nikakata, ukaandika kwamba nakukwepa kwa aibu. Sikukwepi, dada. Sisikii. Tangu ile malaria kali na dripu za kwinini, sikio la kushoto limekufa na la kulia linafifia. Watu nawasoma midomo, lakini kwenye simu sauti yako inanijia kama mvua kwenye bati. Nilificha. Mguu unaoonekana uliitwa sinema, sikio nani angeliamini? Siku ile wakati wa kurudi, mimi nikiwa nimetangulia, Bi Shadia aliniita kutoka nyuma nisigeuke, akamuuliza Petro kama nina kiburi. Petro akamwambia sina kiburi, sisikii. Nami miaka yote hii nilidhani hajui! Kumbe ndiyo maana kanisani hunigusa kiwiko watu wanaposimama, na popote tunapoketi hukaa kulia kwangu. Aliponieleza nililia, kisha nikacheka. Wiki ijayo ananipeleka Morogoro nikapimwe, na siogopi tena.

Nisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Petro anakusalimu sana, anasema mihogo mikavu utaikuta. Ukija Krismasi usiniite kutoka barabarani kama zamani. Panda mpaka nilipo, uniguse bega.

Mdogo wako akupendaye,
Catherine