Reli ya Ngazi Aliyoifunga Brendan

Brendan,

Pai ya nyama iko kwenye friji. Mwanetu Tahlia asipande juu, alale sebuleni leo. Na wewe, fundi mkuu, usiguse drili!

Mama yako ameanguka asubuhi. Alikuwa anashuka ngazi, akaishika reli yako, nayo ikang'oka ukutani na skrubu zake zote. Kumbe ulizifunga kwenye ubao wa jipsamu mtupu! Kanuni za ujenzi zinataka zishike nguzo zilizo ndani ya ukuta, na reli ishuke bila kukatika mpaka kipandio cha mwisho. Nilikusomea mwenyewe. Ukanijibu, "Kanuni ni za waoga, mpenzi." Haya, shujaa, nyonga ya mama imevunjika.

Mtafute seremala, yule wa kweli.

~~Usije hospitali.~~ Njoo hospitali ya Toowoomba, umletee mama gauni la kulalia. Ila usianze kujitetea. Muuguzi alipomuuliza kilichotokea, mama alisema ameteleza kwa sababu ya soksi. Halafu akanivuta mkono, akaninong'oneza: "Mwanangu, usimwambie Brendan. Aliifunga kwa ajili yangu."

Mimi nimekuambia.

Mkeo