Choo Nilichokikalia Mbele ya Baba Mkwe

Jumamosi. Upepo haujatulia tangu alfajiri, na jua linachoma kana kwamba limesahau kuwa huu ni msimu wa baridi. Ninaandika nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, mlango ukiwa wazi, pembezoni mwa shamba letu la alizeti nje ya Iguguno. Kutoka hapa ninaiona chupa ya maji ya baba mkwe wangu. Iko kando ya kiti chake. Imejaa.

Imejaa tangu jana.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana nimejigundua kwamba nikiwa na hofu huruka hatua.

Kila mwaka wakati wa mavuno, familia ya mume wangu, Eliya, hupiga kambi hapa kwa siku kadhaa. Shamba liko mbali na makazi. Zamani walilala kwenye kibanda cha nyasi. Siku hizi tunalala kwenye mahema. Haja huishia vichakani, na kwa mwenye miguu mizima hilo si tatizo. Lakini baba alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka huu. Daktari alimkataza kuchuchumaa. Daktari huyo huyo alisisitiza anywe maji mengi, kwa sababu figo zake zimeanza kuchoka na zikikaukiwa hazitasamehe. Baba alisikiliza yote kwa adabu, kisha akamwambia Eliya kwamba shambani atakuja, hata kwa kubebwa.

Jukumu la choo nililichukua mimi. Hakuna aliyenituma.

Nilisoma sana kabla ya kuchagua. Kipo choo cha ndoo yenye kiti juu: chepesi, nafuu, lakini kifupi mno, mtu mwenye nyonga mpya angeshuka na asiinuke. Kipo cha kukunja, chenye miguu ya chuma na mfuko unaoning'inia chini; hicho nilikiogopa kwa ajili ya upepo wa huku na ardhi isiyo sawa. Mwishowe nilichagua chenye matangi mawili. La juu lina maji safi na kiti. La chini hupokea uchafu, na kati yao kuna kizibo cha kuvuta kinachozuia harufu. Unatia dawa ya buluu chini, unavuta kizibo, unasukuma pampu, unafunga. Kimo chake kinakaribia cha kiti cha kawaida. Kiliagizwa Dar es Salaam, kikaja kwa basi, pamoja na hema lake jembamba la kusimama.

Nilisoma pia maoni ya walionunua kabla yangu. Waliandika kuhusu uzito, harufu, na taabu ya kumwaga. Hakuna hata mmoja aliyeandika nani hukaa baada ya nani.

Jana mchana tulipofika nilikitoa kwenye boksi mbele ya wote. Nilihofu kwamba baba hataiamini plastiki. Kwa hiyo nilifunga kifuniko, nikakaa juu yake, nikajiinua na kujibwaga kidogo. Nikasema, "Baba, ona, hakivunjiki."

Wifi yangu, dada mkubwa wa Eliya aliyekuja kutoka Kinampanda, alikuwa anashusha sufuria kwenye gari. Alisimama nayo mikononi. Baba aligeuza uso upande wa barabara. Nilidhani ameona mtu anapita.

"Eliya," alisema, bila kugeuka, "mwambie mama Neema ahsante. Amehangaika."

Nikapokea shukrani hiyo kwa furaha. Nikaenda kulisimamisha hema la choo hatua chache kutoka mahema ya kulala, mlango ukitazama jiko, ili asitembee mbali.

Msomaji wa huku kwetu ameshaelewa, na huenda amefunika uso. Mimi nimezaliwa huku, na sikuelewa. Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawatumii choo kimoja. Mke hatakiwi hata kumwona mkwe wake akielekea huko. Nyumbani kwa wazazi wangu kulikuwa na vyoo viwili, na nilikua nikijua kipi ni cha babu bila kuambiwa na mtu. Chuo kikuu niliandika insha juu ya mambo ya namna hiyo na nikapata alama nzuri. Lakini nadhani nilikuwa nimejiaminisha kwamba desturi ile inahusu shimo. Hapa hakuna shimo. Kuna tangi lililozibwa na dawa ya buluu.

Jana jioni alikataa chai. Leo asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa mbali, kama inavyopasa, na marahaba yake ilitoka kavu. Uji akasema ameshiba. Ameshiba nini?

Nilikwenda kukikagua choo. Hakuna aliyekitumia isipokuwa mimi.

Nilijaribu kutoharakisha hitimisho. Labda ana maumivu ya kukaa. Labda hema linapigapiga kwa upepo na kumtia wasiwasi. Labda anamkumbuka marehemu mama, ambaye alivuna naye hapa maisha yake yote, na mtu mwenye majonzi hali wala hanywi. Kila dhana ilikuwa na mantiki. Kila dhana ilinisafisha mimi, na hilo peke yake lilipaswa kunitia shaka.

Kabla ya saa sita nilimpelekea kikombe cha maji kupitia kwa Eliya. Kikarudi kitupu. Nikashukuru Mungu. Kisha nikapita nyuma ya kiti chake kuchukua ungo, nikaona udongo umelowa.

Baada ya hapo aliinuka kwenda kuangalia lundo la alizeti. Aliyumba. Akashika nguzo ya turubai, akasimama pale akiwa amefumba macho, midomo yake imepasuka na kuwa myeupe. Eliya alianza kukunja mahema palepale, twende hospitali mjini.

"Acha hayo mahema," baba alisema. "Nikiondoka hapa leo, sirudi tena. Nawajua. Mtasema mzee hawezi."

Eliya akaacha. Nami nikaja kujificha humu garini, nikijifanya natafuta chaji ya simu. Tukimwondoa, tunamnyang'anya shamba lake akiwa hai. Tukimwacha, anakauka mbele yetu. Na kati ya mambo hayo mawili kimesimama kitu cha plastiki nilichokichagua kwa akili zangu zote.

Wifi anakuja. Naacha kuandika.

*

Jioni. Upepo umepungua kidogo.

Wifi aliegemea mlango wa gari, akaitazama simu mkononi mwangu.

"Unaandika nini? Wosia wa mzee?"

Sikucheka. Nilimwuliza moja kwa moja kwa nini baba hanywi maji.

"Atakunywaje, na mkwe amekikalia choo?"

"Mbele yake nilikalia kifuniko tu, wifi. Kilikuwa kimefungwa."

"Kifuniko cha choo au cha sufuria?"

Nikauliza, kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya kitaalamu, kama nikikiosha kwa dawa itasaidia.

"Osha mpaka king'ae kama sahani ya Krismasi. Bado umekikalia. Halafu umemwekea mlango unaotazama jiko! Aingie mle wewe ukiwa unasonga ugali? Wee msomi wewe."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

Hapo akaacha utani. "Niseme nini mbele yake? Ningesema, aibu ingekuwa mbili. Na Eliya naye ni mwanaume, yeye anajua kusema atazoea." Akanivuta mkono. "Washa gari. Tukatafute kitu ambacho hujakikalia."

Wazo la kiti lilinijia njiani, nikalisema nikiwa na woga, kama mwanafunzi asiye na hakika. Kiti cha plastiki chenye mikono, kikatwe tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo jipya. Kingekuwa na kimo kile kile nilichokihangaikia. Wifi aliniambia kwao Kinampanda wazee wengi wanacho. Ningeweza kujiuliza kwa nini hakikuwamo katika vyote nilivyovisoma, lakini nilikuwa naendesha, na nilikuwa naona ile midomo.

Iguguno tulikipata dukani, cha buluu. Muuzaji alinisogezea nikijaribu. Nilirudi nyuma. Sikuwa na uhakika kama kugusa nako kunahesabika, nikaona heri nisiguse.

"Kishike bwana," wifi alisema, akikibeba mwenyewe kichwani. "Hakina meno."

Tulimkuta baba amelazwa kwenye mkeka chini ya turubai. Eliya alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi, lile boksi la choo changu, na nilipomwangalia usoni niliona kwamba hasemi tena atazoea. Tulimweleza kando, kwa maneno machache. Alipasha kisu moto, akakata tundu, akazilainisha kingo mpaka zisimkwaruze mtu. Akachimba shimo ng'ambo ya malundo ya mabua, mahali pasipoonekana kutoka jikoni wala mahemani, akalihamishia hema jembamba huko na kulikaza kamba dhidi ya upepo. Choo changu tukakipeleka upande wa pili wa shamba, nyuma ya gari, kiwe cha wanawake. Hakuna aliyemtangazia baba lolote. Eliya alikwenda tu kukaa karibu naye na kuzungumza habari za bei ya mafuta ya alizeti.

Kilichobaki kilikuwa kazi yangu, nayo ilikuwa ni kutokuwepo.

Mimi na wifi tulikwenda mwisho kabisa wa shamba kupura. Tulipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, migongo ikiwa kambini. Sijawahi kuufahamu mgongo wangu kama leo. Kila kishindo nilidhani ameanguka. Kila kimya nilidhani amekataa. Mara moja shingo yangu ilianza kugeuka yenyewe.

"Ukigeuka nakuchapa na fimbo hii," wifi alisema, "na sitajali una digrii ngapi."

Tukapiga. Vumbi lilituingia machoni. Niliwaza kwamba huenda nimekosea tena, kwamba huenda tatizo halikuwa kiti wala mlango bali mimi kuwepo kambini kabisa, na kwamba iwapo baba atazidiwa, nitakuwa nimemwua kwa kumjali. Ni sentensi kali. Nimeifikiria kuifuta, nikaiacha, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo kichwani.

Halafu Eliya akaita kutoka mbali. Hakuita kwa hofu.

"Mama Neema! Baba anasema ulete maji. Ya kunywa."

Nililibeba dumu dogo, nikaliweka chini hatua kadhaa kutoka kwenye kiti, nikarudi nyuma. Eliya akammiminia kikombe kimoja. Baba alikunywa chote. Akanyoosha tena kikombe. Nilichukua ungo nikaanza kupepeta, ingawa ndani ya ungo hamkuwa na kitu.

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa shajara nzuri.

Lakini tulipokuwa tunaosha vyombo, wifi alisema polepole, bila utani hata kidogo, "Sasa na kule Utemini je?"

Tangu atoke hospitali, baba anaishi nasi mjini, Utemini. Nyumba yetu ina choo kimoja, cha ndani, cha kukaa. Tulimpa chumba kinachopakana nacho, na uamuzi huo pia ulikuwa wangu. Kila asubuhi baba huchukua fimbo yake na kutoka, na jioni vivyo hivyo. Nimewahi kumsifu katika shajara hii hii kwa bidii ya mazoezi.

Anakwenda kanisani. Uani kuna vyoo, na kimoja ni cha kukaa. Wifi anasema Eliya ndiye aliyemwombea ufunguo wa choo hicho.

Eliya alijua.

Nimelitafakari hilo tangu jua lianze kushuka. Inawezekana alikuwa anailinda aibu ya baba yake. Inawezekana alikuwa ananilinda mimi. Inawezekana, na hii ndiyo ninayoiogopa, aliona kwamba mke wake ni mtu wa kuelezwa na vitabu, si na watu, na kwamba angeniambia ningejibu kwa habari za vigae na sabuni. Siwezi kuapa kwamba nisingejibu hivyo.

Nimeamua tutajenga choo kingine uani, chenye njia yake, kisichopita mbele ya dirisha langu. Tutakiita cha wageni. Baba atajua si cha wageni, nasi tutajua kwamba anajua, na hakuna atakayesema.

Sasa hivi amekaa na Eliya kando ya moto, anakunywa chai. Hatazami upande wangu. Tangu niolewe nimekuwa nikiiita tabia hiyo ya kutotazama ubaridi. Leo sijui kama nilikuwa na haki ya kuipa jina.

Kesho asubuhi, kabla hatujaanza kupura, nitamwambia Eliya kwamba nimejua habari za ufunguo. Sitamlaumu. Nitamwuliza jambo moja tu, na tangu sasa sitaki kulisikia jibu lake: lango la kanisa likishafungwa usiku, baba hufanyaje mpaka asubuhi?