Nililipia dirisha mu ndeke, bwana yangu akaikala na mama yangu

Mama Mado wa gazeti, jambo sana. Mimi ni Dorcelle wa Naviundu, hapa Lubumbashi, niko na miaka makumi mbili na mbili, na nakuandikia na mukono moja sababu ule mwingine unabeba mutoto, kwa hiyo usiangalie maandiko, angalia shida.

Mwezi uliopita mimi na bwana yangu Mutale tulienda Kalemie kumuonyesha mama yangu mutoto yetu Plamedi, wa miezi munane, juu mama alikuwa hayamuona bado. Hatukumaliza hata juma moja, vita ikaanza kukaribia, bantu banatoka Uvira na magodoro ku kichwa, treni haiji tena, mashua yamejaa, na kila muntu anasema kesho itakuwa mubaya zaidi. Mutale akasema tunarudi Lubumbashi na mama pamoja, hatutamuacha hapa. Ule bwana iko na roho muzuri, Mama Mado, ujue ile mbele ya kusoma bingine.

Ndeke yenye tulipata ni ya kampani moja ya bei ya chini. Kumbe bei ya chini ni ya kuingia tu. Bagaji unalipa. Maji unalipa. Mutoto wa ku mapaja unalipa, na mapaja ni yangu mwenyewe. Hata sakoshi ya kutapikia iko na bei, ostesi anaionyesha sawa vile banaonyeshaka kitenge mupya. Na kuchagua kiti unalipa. Mutale akasema, «Kiti ni kiti, matako hayachaguake», akaenda kugombana na bale ba bagaji.

Sasa dhambi yangu ni hii, na hakuna muntu naambia isipokuwa wewe. Sijapandaka ndeke ku dirisha hata siku moja, na nilikuwa na makuta, feza kidogo yangu, mu kitenge, na nikawaza Plamedi aone mawingu, akikuwa mukubwa nitamwambia uliona mawingu. Musichana wa ku kontwari ya tikiti akaniambia, «Mama, ukichukua dirisha utaenda mbele peke yako na mutoto, bale bawili babaki nyuma, kiti na kiti.» Nilisikia, Mama Mado. Nilisikia muzuri. Lakini nikawaza ni sawa mu bisi, ukiingia unaambia muntu «papa, sogea huku», anasogea, inaisha.

Kwetu, unajua, bwana na mama ya bibi yake ni buko, habaikalake pamoja, habaangalianake mu macho, habakulake sahani moja, wakipitana mu njia, mumoja anaingia mu majani. Mutale anaheshimia ile desturi kupita hata wajomba yangu. Na tazama, ndeke moja, kiti na kiti, magoti kwa magoti, saa mbili muzima.

Niliomba ostesi babadilishe. Akasema kubadilisha pia ni ya kulipa, na makuta yangu ilikuwa imeisha ku dirisha, na ya Mutale ilikuwa mu bagaji kule chini. Nikaomba papa moja mucuruzi wa Butembo, akasema, «Madame, hii kiti nililipia, hata buko yangu mwenyewe akuje hapa simupe.» Basi Mutale akajifunika koti ku kichwa. Mama akajifunika kitenge. Bantu bakaanza kuulizana kama ni wafungwa banapelekwa Kasapa. Halafu ndeke ikatetemeka juu ya milima, mama akashika goti ya Mutale na mikono mbili akiita Bikira Maria, akaanza kutapika, sakoshi hakuna, na Mutale bila kutoka mu koti akanyoosha mukono na kofia yake ya kwendea misa. Plamedi alilala kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mawingu hakuona hata moja.

Tangu ile siku nyumba imekufa. Tuko na byumba mbili tu. Mutale akifika kutoka kazi anagonga bati ya mulango wa lupangu mara tatu ili mama akimbie, mama anajificha mu jikoni nyuma ya muzigo ya makala, anatoka mweusi sawa mutengenezaji wa pikipiki, na bwana yangu njo mutengenezaji wa pikipiki. Wakitaka kuongea banamupitishia mutoto. «Plamedi, ambia nkambo yako atoke ku jua.» «Plamedi, ambia baba yako nkambo hana joto.» Mutoto hajui hata kusema mama.

Na Mutale anasema lazima kampani ilipe ile haya, anaandika barua kila Mungu anapoamusha jua. Na mama anasema, «Nilikimbia masasi nikaangukia mu magoti ya buko. Sasi ingeniua mara moja, haya inaniua kila asubui.» Ameshapata nafasi mu ndeke ya Siku ya Posho, jumamosi yenye inakuja, anarudi Kalemie, mu vita, na mimi ninaangalia bilauri zake tatu zimefungwa mu gazeti tayari. Nikisema ukweli ya dirisha, bote bawili batanichukia. Nikinyamaza, mama yangu ataenda kufa. Nifanye nini?

Dorcelle

*

Dorcelle, mwana,

Nilicheka, nisikufiche, hata bwana yangu alikuja kuangalia kama niko muzima. Halafu nikafika pale pa bilauri tatu, nikaacha kucheka.

Kampani iliuza maji, ikauza sakoshi, ikauza dirisha. Akili haikuwa inauzwa, hiyo ulipaswa kupanda nayo. Ulisikia muzuri, ukajifanya hukusikia, sababu ya mawingu. Ni kosa. Ni kosa ya mama kijana mwenye anataka mutoto yake apate kintu kizuri mu wakati mubaya, na ile haitamuua muntu. Kunyamaza njo kutamuua.

Mutale umuambie aache barua. Bantu benye habatoe maji, batalipa haya ya kwenu? Na mama yako umuambie hivi: desturi ya buko ni heshima, na bwana mwenye anatoa kofia yake ya misa bila kufungua macho, heshima ingine unaitafuta wapi? Mimi niko na bakwe watatu. Hakuna hata moja angetoa soksi.

Sasa sikiliza. Leo, hapana kesho, uza kintu, kopa, ununue kuku muzima, jogoo. Ungama dirisha kwa mama yako kwanza, mukiwa munanyonyoa, ili akiwa na hasira amalizie ku manyoya. Kwa Mutale utaungama akishashiba. Halafu mama yako apike yeye mwenyewe, usiguse chungu, sababu wewe unajua, kwenu mama akishamupikia mukwe kuku na kumutumia mu sahani ya kufunikwa, ule mwiko wa buko unaisha: banaweza kuikala, banaweza kusalimiana, hata kugombana. Sahani ibebwe na shangazi moja wa ukoo, hapana wewe.

Na iko kintu kingine, ambacho bijana munasahau. Ule mama mwenye alituma sahani habebake mizigo akaondoka mpaka mukwe amurudishie ile sahani na kitu juu yake, hata kama ni chumvi. Akiondoka mbele ya ile, ni matusi makubwa, na mama yako hatafanya matusi, tumeshamuona.

Kwa hiyo Mutale ale kuku yote, asifu mchuzi kwa sauti, na ile sahani aipeleke ku karakana yake, aifungie mu sanduku ya funguo. Mama akiuliza, aseme anatafuta bado zawadi yenye kustahili. Atafute polepole. Atafute mpaka vita iishe.

Mama Mado