Pigo la Pili Hukulipiga

Baba Chebet,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ni afadhali ujue mapema. Nimesikia kwamba mtu akimwandikia marehemu wake huanza kwa kulia. Mimi nimelia vya kutosha, mbele ya watu na nyuma ya jiko, na sasa nataka tuongee kama tulivyokuwa tukiongea ukitoka kazini na viatu vyako vimejaa nyasi.

Hatuko Eldoret tena. Niko kwa dada yangu hapa Turbo, nimeketi juu ya gunia la mahindi ya mtu mwingine. Chebet ameenda kuchota maji na Kibet anafukuza kuku. Nyumba ya klabu ya gofu tuliiacha. Meneja hakutufukuza kwa ubaya, alisema tu kwamba mtunza nyasi mpya amepatikana naye pia ana mke. Huyo mtunza nyasi anakata grini, zile nyasi za kuzunguka shimo la mpira, fupi mno, na ile ya saba imeanza kuungua pembeni. Nilitaka kumwambia, kisha nikanyamaza. Aliyekuwa akinifanya nijali nyasi za watu amelala Kiplombe.

Siku ile uliponyeshewa ukizibua mitaro ya grini hiyo hiyo nilikuambia uvue shati. Ulicheka, ukasema mvua haijawahi kumla mtu. Haikukula, kweli. Kilikula kichomi. Kabla mahindi hayajatoa mbelewele tulikuwa tumekuzika kwa mama yako, umefunikwa lile blanketi ulilojishindia kwenye mashindano ya wafanyakazi wa klabu. Mama alisema blanketi zuri namna hiyo lisizikwe, watoto wanasikia baridi. Nilikataa. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri, kwa sababu Turbo pia kuna baridi.

Nataka kukukumbusha zile Jumatatu.

Jumatatu klabu ilikuwa inafungwa na Wazungu hawachezi. Ulikuwa unanichukua uwanjani kama mtu anayempeleka mke wake mjini kumnunulia nguo, na mimi nikawa nalalamika njia nzima. Wanawake wengine walikuwa wanapelekwa sokoni. Mimi napelekwa kuangalia nyasi. Na hata hukunipeleka pale pa kuanzia, mahali ambapo wachezaji wanasimama na kupiga mpira wa kwanza. Ulinipeleka mwisho, kwenye bendera ya shimo. Ukasema, "Mama Chebet, hapa ndio mwisho. Sasa turudi nyuma, tujue mwanzo."

Nilidhani umechoka na jua. Lakini ulinisimamisha nyuma ya grini ya saba, ukaniuliza maji ya mvua yanaenda wapi. Nikakuonyesha, yanaenda mtoni. Ukasema basi mpira nao unataka kwenda mtoni, kwa hiyo ukiuweka upande wa juu wa bendera utaugusa kidogo tu na utakukimbia. Lazima ulale chini ya bendera, ndipo uusukume kupanda. Tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Ili ulale chini ya bendera lazima uje kutoka kushoto, maana kulia kuna shimo la mchanga. Ili uje kutoka kushoto lazima pigo la kwanza lianguke karibu na kile kisiki cha mkaratusi, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angelenga. Tulipofika pale pa kuanzia niliona mwenyewe. Bendera ilikuwa mbele yangu wazi kabisa, inanipungia, na wewe ukasema, "Hiyo bendera iache. Angalia kisiki."

Ulisema wengi wanasimama pale, wanaiona bendera, wanaipigia bendera, na mpira unaenda kuoga mtoni. Mtu anayejua anapanga kutoka mwisho kuja mwanzo, halafu anacheza kutoka mwanzo kwenda mwisho. Nilikuambia kwamba sisi wanawake tunapika hivyo kila siku, tunaanza na saa ya kula ndipo tunajua saa ya kuwasha moto. Ulicheka sana. Ulikuwa na kicheko kizuri, Baba Chebet. Hicho nakikosa kuliko mshahara wako.

Sasa tuje kwenye shamba.

Yule Mzungu wa upande wa Kaptagat alipotaka kuuza shamba na kurudi kwao, watu wakaunda kampuni ya kulinunua. Nawe ukataka hisa, kama kila mtu aliyekuwa na ng'ombe na tumaini. Uliona mwisho vizuri kabisa, sikatai. Mwisho ulikuwa nyumba yetu kwenye ploti yetu, na watoto hawaulizwi na meneja yeyote wanalala wapi. Kisha ukarudi nyuma, kama kawaida yako. Ukaona kwamba meneja wa klabu akisikia umenunua shamba atasema huyu anaondoka, na atakuachisha kazi kabla hujamaliza kulipa. Kwa hiyo ukapiga pembeni. Ng'ombe wako wakauzwa, na hisa ikaandikwa kwa jina la ndugu yako Kipruto. Ukiacha kazi ataibadilisha irudi kwako. Jina la Kipruto ndilo lilikuwa kisiki chako.

Mlikubaliana nyumbani kwa mama yenu. Mlikunywa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kibuyu kimoja, mama mwenyewe akiwa ndiye anawamiminia. Nilipouliza kama hakuna karatasi uliniangalia kana kwamba nimemtukana mama yako. "Karatasi ni ya watu hawajuani," ulisema. Na hapo hukukosea peke yako. Ukoo mzima ungesema hivyo hivyo. Kumwambia ndugu mliyenyonya titi moja aweke sahihi ni kumwita mwizi kabla hajaiba.

Basi ulipiga pigo la kwanza vizuri sana, na pigo la pili hukulipiga. Ulikufa mpira ukiwa umelala kwenye jina la mtu mwingine.

Matanga yalipoisha Kipruto alikuja. Simsemi vibaya kupita kiasi, alililia jeneza lako kwa sauti kubwa kuliko yangu. Alisema shamba ni la watoto wa ndugu yake, kwa hiyo nihamie kwake, niwe wa nyumba yake kama desturi inavyotaka, na hakuna kitakachoharibika. Nilimwambia nimeolewa kanisani mara moja na imenitosha. Aliondoka bila kumaliza chai. Wiki iliyofuata nikasikia anawaambia watu kwamba hisa ilikuwa yake tangu mwanzo, na wewe ulimsaidia tu na ng'ombe, kama ndugu wanavyosaidiana.

Ndipo nilipokukumbuka na bendera yako. Nilisema sitakimbilia ofisi ya kampuni, maana kila mjane anakimbilia huko na anarudishwa. Nitaanza mwisho. Mwisho ni siku ya kupiga kura ya kugawana ploti, mwenyekiti amesimama, anaita nyumba ya Lagat, jina lako, na watoto wako wanasimama. Ili aite hivyo, lazima wazee wa kamati wakubali mbele ya watu. Ili wakubali, lazima wasikie kutoka kwa mtu ambaye Kipruto hawezi kumwita mwongo. Na mtu huyo ni mmoja tu duniani, ni yule aliyemimina mursik. Kwa hiyo sikwenda kwa Kipruto wala kwa mwenyekiti. Nilienda Kiplombe, kwa mama yako, na kuni mgongoni.

Nilimpelekea kuni, nikamchotea maji, nikamkandia nyumba palipobomoka. Shamba sikulitaja. Tulikuwa tunaketi karibu na kaburi lako tukichambua maharagwe, naye ananiambia ulivyokuwa mtoto mkaidi, ulivyokataa kunyolewa. Ulikuwa kipenzi chake, Baba Chebet. Kila mtu alijua, hata Kipruto alijua, na nadhani lilimuuma toka utotoni. Mimi nikauangalia ule mteremko nikasema, maji yote ya moyo wa mama huyu yanaenda kwa marehemu. Mwishowe nikamwomba. Nilimwomba aje kwenye mkutano wa kampuni aseme alichokisikia nyumbani kwake, basi, asiongeze. Hakusema ndiyo. Alisema, "Nitakuja."

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la yule Mzungu. Bado linanuka manyoya ya kondoo. Watu walijaa, maana kura ilikuwa inakaribia na kila mmoja alikuwa na kesi yake. Nilieleza. Kipruto akaeleza. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa haki kadiri anavyoweza, akasema, "Mama, wewe ndio unajua. Sema, tumalize hii maneno."

Mama yako alisimama. Alijifunga shuka vizuri, akaangalia sakafu. Akasema, "Maziwa walikunywa. Maneno sikusikia."

Akaketi.

Wazee walijua. Nilimwona mmoja anafuta uso kwa kofia yake. Lakini wangefanya nini? Mama amesema. Kipruto mwenyewe hakufurahi, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyechapwa. Shamba likabaki kwa jina lililoandikwa. Mwenyekiti akamwomba Kipruto angalau anipe kipande cha kulima mpaka watoto wakue, naye akanitajia ile pembe ya chini, ya kinamasi, ambapo hata nyasi zinaoza. Nilikumbuka ulivyokuwa unasema mpira unapigwa pale ulipolala, hata ukilala kwenye tope, na kwamba mtu akiwa matopeni asijifanye shujaa, atoke kwanza. Nikasema sikitaki. Nikatoka. Nilitembea mpaka barabarani na sikuweza kuona njia vizuri.

Nilikuwa nafunga vyombo ili tuhame wakati mama yako alipokuja klabuni. Alitembea kutoka Kiplombe kwa miguu yake ile mibovu. Nilimpa kiti, nikampa chai, na sikumwangalia. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamwita Mama tena. Alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Maneno nilisikia yote. Lakini yule wangu wa Kiplombe amekufa, hawezi kufa tena. Huyu bado anaweza. Kama ningesema, angejinyonga ama angekuua. Mimi najua mtoto wangu."

Halafu akaniuliza, "Wewe ungefanya aje?" Akaelekeza kidevu kwa Chebet na Kibet waliokuwa wanagombania sufuria.

Nilitafuta jibu la kumtupia. Nililitafuta kwa nia mbaya kabisa. Halafu niliwaangalia hao wawili, nikajiwazia kwamba mmoja yuko kaburini na mwingine amemwibia huyo marehemu, na nikaona ni yupi ningemfunika kwa uongo wangu. Ningefanya kama yeye. Hilo ndilo lililonimaliza, Baba Chebet, si shamba. Mtu akikudhulumu na huwezi hata kumlaani, hasira yako unaipeleka wapi? Yangu nimeileta kwako.

Nilimsindikiza mpaka njia panda. Nilimwita Mama. Hatukukumbatiana.

Kwa hiyo nakulaumu wewe, kwa sababu wewe unaweza kulivumilia. Uliangalia kila grini ukauliza maji yanaenda wapi. Uliona kisiki, uliona mchanga, uliona mto. Hukuona kwamba mwenye kupiga anaweza kuanguka katikati ya uwanja, na mke wake hajui fimbo iko wapi. Ulipanga kama mtu ambaye hatakufa. Na nilikupenda kwa sababu hiyo hiyo, kwa vile ulivyokuwa unatembea kama ardhi yote itakungoja. Sasa nabeba magunia ya watu mahali malori yanaposimama, nauza chai kwa madereva, na usiku mgongo unauma mpaka nakutukana. Halafu nakuomba msamaha. Halafu nakutukana tena.

Chebet ameniuliza kwa nini hatukupata ploti kama kina fulani. Nimemwambia bado ni mdogo. Sitamwambia kwamba baba yake mdogo ni mwizi, wala kwamba nyanya yake alisema uongo. Akikua ataniuliza vizuri, nitamweleza yote, na atachagua mwenyewe wa kumsamehe.

Basi lala, Baba Chebet. Nikipata nafasi nitakuja Kiplombe kupalilia kaburi lako, na nikimkuta mama yako nitamsaidia kuni. Na ninakuahidi jambo moja, ulisikie vizuri huko uliko. Nitanunua ardhi. Sijui lini, labda nitakuwa nimezeeka, labda itakuwa kipande cha kutosha kitanda na jiko tu. Lakini siku hiyo nitaenda mwenyewe ofisini, nitangoja mpaka karani aandike, na atakachoandika ni Rebeka Jelagat, jina langu mwenyewe la kuzaliwa. Halitaandikwa jina la mwanamume yeyote, hata kama ungefufuka ukasimama pale mlangoni ukiniomba.

Mke wako,
Rebeka